Ubeti Usio Kitabuni

Kasulu, 2 Februari 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nikianza na salamu ndefu nitaogopa nisilifikie, kwa hiyo naliweka mbele. Hapa watu wanasema nina adabu. Si kweli. Shangazi Vestina akipata wageni ananiita nipeleke chai, halafu nikigeuka namsikia, "Mnaona? Mtoto wa marehemu kaka yangu huyo. Hana maneno kabisa." Wageni wanaitikia, mmh, mabinti wa hivi siku hizi wako wapi. Mama, si adabu, ni woga. Tangu nije kusoma huku sijawahi kumaliza sentensi nzima mbele ya mtu. Nasema ndiyo, nasema asante, nasema naenda. Siku ya kwanza shuleni niliambiwa nisome aya kwa sauti, na kabla sijafika kwenye nukta wavulana wa nyuma wakawa wanairudia kwa lafudhi yangu. Mwalimu naye akacheka kidogo, kisha akajizuia. Nyumbani kwao wanaongea Kiha ambacho bibi kule Burundi angekielewa chote, lakini Mrundi ni mimi. Nikakaa chini. Naona kama bado nimekaa.

Huko kambini Nduta nilikuwa nainua mkono kwa Kirundi na kwa Kifaransa, unakumbuka? Mkono ule sijui niliuacha wapi.

Haya. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Na jirani yako Apoline, bado anaazima sufuria yako na kuirudisha na masizi? Mimi mwili ni mzima. Kwenye simu ya Shangazi huwa nanyamaza kwa sababu yeye anakuwa amekaa pale pale, ndiyo maana naandika. Barua atakuletea Saady, dereva wa lori la mahindi linalokuja huko Nduta. Ataiweka ndani ya kofia, ameniambia, "Usiwe na presha sista, hapa ni benki."

Kuna kazi nimepewa. Akina mama wa kanisani wameunda kikundi, wanataka kupika sabuni na kuiuza. Shangazi akasimama akawaambia, "Wifi yangu wa Nduta anapika sabuni inayotoa povu hata kwenye maji magumu. Na binti yake ninaye, ndiye atakayeandaa mafunzo." Wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa mlangoni na chupa ya chai. Nikasema ndiyo. Nilikubali kwa sababu anayeandika hahitaji kusema: mimi nitaandika masomo, Shangazi atayasoma mbele yao.

Lakini nimeshika kalamu na sijui kinachoanza. Nimekuona ukipika sabuni tangu nikiwa mgongoni kwako, najua harufu, najua jinsi unavyokunja uso, ila nikitaka kuandika hatua ya kwanza napata harufu tu. Nieleze kama unamweleza mtu ambaye hajawahi kuona mafuta. Wengine hawajui kusoma, nitawachorea.

Nasikia kandambili za Shangazi zinakuja. Naficha karatasi ndani ya daftari la Bayolojia.

Mwanao,
Ininahazwe


Nduta, Kibondo, 16 Februari 2025

Mwana wanje,

Marahaba. Mimi niko, mgongo nao uko, tumezoeana. Apoline amerudisha sufuria, mfuniko bado.

Hilo la adabu limenichekesha, halafu likaniliza, halafu nikacheka tena. Mimi nilipofika kambi ya Mtabila Kiswahili changu chote kilikuwa "maji" na "hapana". Baba yako alikuja kambini kuuza maharage, kijana wa Kasulu amechana nywele kama anaenda harusini. Akaniuliza jina langu. Nikamjibu, "Maji." Akaenda akaniletea maji. Ndivyo ulivyopatikana wewe. Kwa hiyo usiogope kukosea, wengine tumepata watoto kwa kukosea. Ila ndiyo maana nataka tuandikiane Kiswahili, ulimi uzoee. Kirundi hakiwezi kukukimbia, hicho umezaliwa nacho.

Sabuni sasa. Kwanza waambie wafunge watoto mbali, na kuku. Kostiki, ile dawa kali ya kugandisha sabuni, haina urafiki. Wavae glavu, au mifuko ya nailoni mikononi, na nguo ya mikono mirefu, na ndoo ya maji safi iwe karibu, ikimrukia mtu amwagiwe maji mengi bila kubishana. Ndoo ya kukorogea iwe ya plastiki. Sufuria ya bati jepesi hapana, kostiki inaila, nilipoteza moja Mtabila, ilibaki kama kichujio. Unatia maji kwanza, halafu kostiki kidogo kidogo juu ya maji. Usigeuze! Ukimwaga maji juu ya kostiki inakutemea usoni. Yale maji yatachemka yenyewe bila moto. Mtu asiyejua atasema ni uchawi, mwambie ni hasira tu, itaisha. Unayaacha yapoe mpaka ukigusa ubavu wa ndoo haukuogopeshi.

Mawese unayapasha pembeni mpaka wekundu upungue, unayaacha nayo yapoe. Wote wawili wakiwa wametulia ndipo unawakutanisha. Unamimina maji ya kostiki ndani ya mafuta, mwiko wa mti, unakoroga upande mmoja, mpaka wimbo wetu wa kuvuka uishe. Ule unaoujua. Ukiisha unamimina kwenye boksi ulilotandika nailoni, unafunika na blanketi kama mgonjwa. Kesho yake unakata. Lakini usiogee! Ipange juu ya mbao, ikae wiki nyingi mpaka ikomae.

Hapa bombani watu wanaongea habari za kurudi nyumbani, na malori. Mimi nachota maji tu na kusikiliza.

Kula. Shangazi yako ni mtu mzuri, ila usingoje akuulize kama umeshiba.

Mama yako


Kasulu, 23 Machi 2025

Mama,

Shikamoo. Natumaini umeamka salama, na mvua hii haijaingia ndani. Huku imenyesha mpaka njia ya shule imekuwa mto. Sina homa, sina kikohozi, ila sina raha, utaona.

Nilifurahia kazi ile, Mama, sitakudanganya. Niliigawa katika masomo matano, la kwanza likawa la hatari peke yake, kwa sababu mtu akiungua hatasikiliza la pili. Nikagundua kwamba nikiandika "koroga vizuri" sijaandika kitu. Vizuri ni nini? Kwa hiyo nilikuwa nakwenda nyuma ya jiko na ndoo tupu na unga kidogo wa muhogo, najifanya mgeni, nafanya tu kile karatasi inachosema. Mara ya kwanza karatasi ilinifanya nishike kostiki kabla haijaniambia nivae glavu. Nikarudi ndani kupanga upya. Nilikuwa naongea peke yangu pale nyuma, Mama, sentensi nzima nzima, na kuku wa Shangazi wananisikiliza.

Picha nilichora kwenye maboksi ya biskuti. Pale pa kulinda macho nilimchora mama mwenye macho makubwa sana. Rosa, mweka hazina wa kikundi, akauliza, "Huyu kaona bei ya mafuta?"

Siku ya mafunzo Shangazi alisoma kwa sauti ile anayosomea nyaraka za mitume. Kostiki ikaenda sawa, mawese yakaenda sawa. Akafika kwenye somo la nne: "Korogeni huku mkiimba wimbo wa kuvuka mpaka uishe." Wakafurahi! Kumbe wanaujua, upo kwenye kitabu chao cha nyimbo cha Kiswahili. Rosa akavuta ngoma ya kwaya. Wakauimba, Mama, kwa makofi, kwa kuruka, kama wanaukimbiza mlangoni. Sisi tunauimba kama watu wanaovuka maji kweli, mguu mmoja, halafu mwingine. Wao hata katikati sikuona walipita wapi. Nilijua pale pale kwamba ni haraka mno. Nilijua, Mama! Nilikuwa nimeshika picha ya mwiko, nikaiinua. Hawakuelewa. Nikaiinua juu zaidi. Rosa akanipungia mkono, "Tumeuona, binti, mzuri!" Mdomo haukufunguka. Wakamimina kwenye boksi.

Kesho yake walipofunua, mafuta yalikuwa juu na maji chini, kama mchuzi uliolala. Rosa akachungulia. "Hii ni sabuni au mboga? Nani ana ugali?" Wakacheka. Akaongeza, "Ya Kirundi hii, inangoja kibali ndipo ishikane." Wakacheka zaidi. Shangazi hakucheka. Walitaka kumwaga yote na hela waliyobakiza wanunue kuku, yeye akawaomba wairudishe ndooni na kuifunga, mpaka mama yake Ininahazwe ajibu. Ndoo ipo kwenye stoo ya kanisa. Kila Jumapili tunaipita.

Nikosoe. Nini sikuandika? Na jambo la pili: redio inasema habari za watu kurudi. Wewe je? Umejiandikisha? Usiniambie unachota maji.

Naficha, kuna mtu koridoni.

Mwanao,
Ininahazwe


Nduta, 27 Aprili 2025

Mwanangu,

Marahaba. Najua nimechelewa, na najua ile ndoo inawatazama. Si ugonjwa. Mara nyingi nilianza kuandika nikaona mkono unataka kwenda kupepeta maharage. Leo maharage yameisha.

Ile sabuni msiitupe. Iliyoachana inarudishwa: ipasheni kwenye sufuria nzito ya chuma, moto mdogo, wakiwa wamevaa vilevile, halafu ikorogwe tena kuanzia mwanzo, bila ngoma. Waimbe kwetu, mguu mmoja halafu mwingine.

Lakini hata hivyo wimbo wao utawaisha mapema, na kosa si lako wala lao. Mwishoni, unakumbuka, mimi huwa nafunga mdomo, navumisha puani tu? Wewe ulidhani napumzika. Ule ni ubeti. Una maneno. Haupo kwenye kitabu cha Kiswahili wala cha Kirundi, kwa sababu tuliutunga mimi na baba yako, na baada ya baba yako kufa hakuna mtu niliyemwambia.

Ulikuwa na kaka, Ininahazwe. Aliitwa Niyonzima. Alizaliwa kabla yako, akaanza kutembea, akawa anaita kila kitu "kuku", hata mchungaji. Homa ilimchukua kule Mtabila msimu wa mvua, tukamzika pale pale. Baada ya hapo sikuweza kukaa wala kulala, nilikuwa nazunguka nyumba. Baba yako akaleta dumu la mawese, akasema, "Mke wangu, tukoroge kitu." Hatukujua kupika sabuni. Tulikuwa tumeona tu kwa jirani. Tukakoroga huku tukiimba ule wimbo, maana ndio tulioimba kaburini. Ukaisha, tukamimina, ikaachana. Siku nyingine tena, ikaachana. Mara ya tatu wimbo ulipoisha baba yako hakuacha mwiko. Akaanza kuimba maneno ambayo hayakuwepo, namna hii, nakuwekea kwa Kiswahili:

Niyonzima, tunaondoka na wewe unabaki.
Baki ukiota jua, mwana wa kilima.
Wakituuliza kwenye foleni mko wangapi,
tutakutaja na wewe.

Nikaimba naye. Tukarudia. Tulipotazama, sabuni ilikuwa nzito, mwiko unaacha njia na njia haifutiki. Basi tangu hapo muda wa kukoroga ni huo, wimbo wote na yeye mwishoni. Mwaka ule Mtabila ilipofungwa wakatupakia kurudi Burundi, wewe uko mgongoni, baba yako hayupo tena, sikupata hata kwenda kumuaga, na tulipokimbia tena wakatuleta huku Nduta. Kila nikikoroga namuaga.

Kwa Kirundi unajua jinsi ya kuyapanga maneno, sauti unayo, umeisikia maisha yako yote. Waandikie kwenye somo lako. Sitaki abaki kwangu peke yangu.

Mama yako


Kasulu, 18 Mei 2025

Mama yangu,

Shikamoo, na pole, na sijui neno la tatu. Nilikaa na barua yako kwenye choo cha shule kwa sababu ndiko pekee kunakofungwa kwa ndani. Kaka. Nimejaribu kumwita "kaka" kwa sauti ndogo. Ni neno ambalo sijawahi kulitumia kwa wangu.

Sabuni imeshika.

Nilipanga somo la nne upya. Nikaandika kwanza kinachoonekana, kwa yule asiyejua wimbo: uzito kama uji wa mtoto, mwiko ukipita uache njia na njia ibaki. Kisha nikaandika wimbo, na ubeti. Nikampa Shangazi karatasi bila kumwambia kitu. Hapo ndipo nilipokosea. Sikufikiria kwamba Niyonzima alikuwa mtoto wa kaka yake.

Siku ile waliimba polepole. Rosa alilalamika, "Kwa mwendo huu tutaimba mpaka Pasaka ya mwakani," lakini akaimba. Shangazi alikuwa anawasomea kila ubeti kabla hawajauimba. Akafika wa mwisho, akasoma jina, akaishia hapo. Akasoma tena kwa macho. Akaikunja karatasi. Akina mama wakamtazama, mikono inakoroga, wimbo umeisha, na nilitazama ndani ya sufuria nikaona bado. Ilikuwa karibu lakini bado. Mmoja wao akaanza kuinua mwiko.

Nikasema, "Msiache, kuna ubeti mmoja umebaki."

Mama, ni sentensi nzima. Walinigeukia kama vile sufuria ndiyo iliyosema. Nikaimba, kwa Kirundi, sauti ikakatika pale kwenye jua, nikaianza tena. Hakuna aliyeuliza maana, hapa wote wanaelewa. Nilipomaliza Rosa hakufanya utani. Alisema tu, "Rudia, mama. Polepole, nami nishike." Nikarudia, wakashika, na mwiko ukaanza kuacha njia.

Shangazi alikuwa ametoka nje. Nikamkuta ameegemea ukuta wa stoo, khanga mdomoni. Akasema, "Mimi ndiye niliyemfunga shuka yule mtoto. Mama yako hakuweza, baba yako hakuweza. Sijawahi kulitamka tena jina lake." Nikasimama karibu naye. Safari hii hakunisifu adabu.

Usidhani nimebadilika. Shuleni bado nimekaa. Akina mama wakinikuta njiani sasa wananiita "mwalimu", nami nasema ndiyo, asante, naenda. Halafu nafika chumbani na hakuna mtu wa kumweleza kwamba leo nimeitwa mwalimu. Ningekueleza wewe, nimekaa chini, wewe ukinisuka nywele.

Hukunijibu kuhusu malori. Nilisoma barua yako nyuma na mbele.

Shangazi ananiita, naficha.

Mwanao,
Ininahazwe


Nduta, 22 Juni 2025

Mwalimu Ininahazwe,

Marahaba, mwana wanje. Nimewasomea barua yako majirani wote, Apoline amelia akarudisha na mfuniko. Afya yangu ni nzuri. Jua limekuwa kali, maharage yamekauka vizuri, yanabebeka.

Uliniomba somo moja, la sabuni, na nimeona jinsi unavyoyaandika, kwa hiyo nami nimejaribu. Usicheke.

Somo la nywele. Kaa chini, kioo kiegemeze kwenye ndoo. Anza nyuma, si mbele, mbele unapaona utapamaliza hata ukiwa umechoka. Gawa kwa kidole cha mwisho. Upande wa kushoto utakuwa mbaya kuliko wa kulia, miezi ya kwanza. Watu hawaangalii.

Somo la kuugua kwenye nyumba ya watu. Usingoje uanguke. Sema asubuhi, kabla hawajatoka, sema neno moja: naumwa. Ukinyamaza watadhani umelala, na wao hawana kosa.

Somo la mtu akikuita Mrundi. Mwitikie. Sema, "Abee." Atatafuta neno la pili na hatakuwa nalo. Baba yako ni wa Kasulu, kaka yako yuko kwenye udongo wa huko, una cheti, una karatasi zote. Hakuna foleni ya kukutoa hapo. Mimi foleni yangu ni nyingine, lakini wewe hapo ni kwenu, hata kama bado hapajakuzoea.

Maharage bila mafuta: tia kitunguu mapema, chumvi mwishoni, funika, usifunuefunue. Gauni la bluu likibana chini ya mikono kuna pindo nililiacha kwa ndani, lifumue. Siku zako zikija na tumbo linauma, mwambie Shangazi, naye alikuwa msichana ingawa hapendi kukumbuka.

Na somo la mwisho ni lako mwenyewe, la tano, wewe umeliandika fupi mno. Uliandika "subiri ikomae". Waeleze kwa nini. Sabuni ikikatwa leo inaonekana imeiva, ina umbo, ina harufu, lakini ndani bado kostiki na mafuta hawajamaliza kupatana. Ukiitumia itakuchubua. Haihitaji kufanyiwa kitu tena, wala mkono wa mtu. Inahitaji kuachwa kwenye hewa, peke yake, isirundikwe. Anayeiacha hajaitupa. Hilo liandike, mwanangu. Liandike wazi.

Nakukumbatia.

Mama yako
mama yenu


Kasulu, 13 Julai 2025

Mama,

Shikamoo. Sijui nikuulizie afya ukiwa wapi.

Saady amerudi jana. Alisimamisha lori nje, akashuka bila kofia, nikajua. Barua niliyompa kukujibu amenirudishia mkononi. Akasema, "Sista, mlango ule hauna mtu. Maza kaondoka na msafara, na turubai la paa wameshalikunja." Apoline ndiye aliyempa maelezo: kwamba bibi kule Burundi amekuwa haoni tena, hawezi hata kwenda kuchota maji, na hakuna mwingine wa kumchotea. Kwamba jina uliandikisha tangu Machi. Kwamba uliwakataza wote wasiniambie, nisije nikaacha shule nikakimbilia kwenye lori. Akanipa na mwiko wako, umefungwa kwenye ile khanga ya kijani.

Ningekimbilia, Mama. Ulikuwa sahihi, na nimekukasirikia kwa hilo.

Lakini nilikuwa nimeshajua. Mtu hamfundishi mtoto kujisuka mwenyewe kama mikono yake itakuwa karibu. Nilisoma somo la nywele nikakaa chini na kioo, na upande wa kushoto ulikuwa mbaya, na niliusuka nikijua kabisa ninachofundishwa. Masomo yako ni mazuri kuliko yangu. Ila umeruka hatua. Mimi nikiandika somo siruhusiwi kuruka hatua, nawe umeruka ile ambapo mtu anasema, naondoka kesho, njoo unishike mkono. Ningekuandikia pembeni kwa kalamu nyekundu.

Jumamosi iliyopita Shangazi alinichukua kwenye pikipiki mpaka barabara ya Mtabila. Hatukuingia. Tulisimama kando ya njia na yeye akaonyesha kwa kidole, pale palipo na nyasi ndefu, kushoto ya mti ule uliopinda, au labda kulia kwake, akasema miti imeongezeka. Nilikuwa nimebeba kipande cha sabuni yetu, ya ile ndoo. Imekomaa, Mama. Nimeiogea, haichubui. Nikakiweka kwenye majani. Shangazi akaniuliza, "Tuimbe?" Tukaimba, gari za watu zinapita na kutupigia honi.

Leo kikundi kinapika sabuni nyingine. Rosa ameagiza niwepo, anasema bila mimi watu wanaleta ngoma. Nitakwenda na mwiko wako. Nimeandika upya somo la tano kama ulivyosema, wazi. Na somo la nne nimeliongeza. Kuna ubeti baada ya ule wa Niyonzima, nimeutunga asubuhi hii:

Mama, umeondoka na mimi nimebaki.
Ota jua la kwenu, umchotee bibi maji.
Wakiniuliza nyumbani mko wangapi,
nitakutaja na wewe.

Sasa tutakoroga muda mrefu kuliko wewe ulivyokoroga. Nimeijaribu kwenye ndoo ndogo, haiharibiki kwa kuzidishiwa.

Barua hii sijui nitampa nani. Saady anasema ana rafiki anayepeleka mizigo mpakani, Manyovu, huenda akampata mtu wa upande wenu. Mimi najua jina la kilima cha bibi tu. Nataka kumwomba Shangazi ushauri, na ili anishauri itabidi aisome, au nimsomee mimi, kwa sauti, kuanzia juu mpaka kwenye jina langu.

Kandambili zake zimetoka jikoni. Daftari la Bayolojia lipo hapa karibu, mkono umeshalishika kwa mazoea. Nimeliachia. Amefika mlangoni, anauliza, "Ininahazwe, unaandika nini kutwa nzima?"

Karatasi iko mezani, Mama. Ngoja nimjibu.

Mwanao,
Ininahazwe